Kumfikisha mtoto mpaka ndani

Nilikuwa natafuta sindano ya mashine. Yangu ilikuwa imevunjika kwenye kola ya shati, na kila fundi wa Goma, mashariki mwa Kongo, anajua kwamba sindano ikivunjika Agosti, mwezi wa kushona yuniformu, hukai kungoja duka lifunguliwe. Unachokora droo za wanafunzi wako. Kwenye droo ya mashine ya tatu, chini ya vipande vya chaki na bobini mbili, nikakuta karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kifungo cha koti. Niliikunjua nikidhani ni namba ya simu ya kijana fulani, nijiandae kugomba. Nikakuta mwandiko wangu.

Jina la binti, umri wake, avenyu anayokaa, na kituo ambako angepata mtu wa kumsikiliza. Chini kuna sahihi yangu na tarehe, vimeandikwa kwa fahari kabisa. Wiki sita zilikuwa zimepita.

Hiyo ilikuwa 2023. Katika ripoti yangu ya mwezi ya kulinda watoto wa mtaa nilikuwa nimeshamhesabu: ameelekezwa. Alikuwa mmoja kati ya 14. Usiku ule nililala nikiwawaza wale 13 wengine, karatasi zao ziko katika droo zipi.

Mimi ni fundi wa kushona, Majengo, komini ya Karisimbi. Nina mashine tano za mguu, pasi mbili za makala, yaani makaa, na kibaraza ambacho mvua ikinyesha kinakuwa cha mtaa mzima. Sikusomea mambo ya watoto. Niliyaingia kwa sababu ya kikwembe, kitambaa cha kujifunga kiunoni.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, sisi tukabaki na matetemeko mchana na usiku. Alhamisi yake tukaambiwa tuhame. Barabara ya Sake ilijaa watu hadi huoni lami. Kilomita 25 hivi, na magodoro kichwani. Karibu na Mugunga nikahisi mtu ananivuta kwa nyuma. Mtoto wa kiume, labda miaka sita, ameshika kikwembe changu kwa mikono miwili. Aliponiangalia usoni ndipo naye akashtuka. Mama yake alikuwa amevaa kikwembe cha maua yale yale, na katika ule msongamano mtoto alikuwa ameachilia kimoja akakamata kingine.

Tulikaa naye Sake siku nne. Hakulia. Alikuwa anakula, analala, anashika kikwembe. Vijana wa Msalaba Mwekundu waliandika jina lake pamoja na ya wengine, maana mamia ya watoto walipotezana na wazazi juma lile, na siku ya tano mama akapatikana. Tuliporudi mjini, chefu, kiongozi wetu wa avenyu, alikuwa ameisikia habari hiyo, akaniweka kwenye Rekope, mtandao wa watu wa mtaa wa kulinda watoto. Sikuulizwa kama nataka. Hapa kwetu ndivyo unavyopewa kazi: kwanza jina lako linasomwa, halafu unapigiwa makofi.

Baadaye tulifundishwa siku mbili katika ukumbi wa parokia. Walitufundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, tuseme ya moyo ulioumia, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliitolea kitabu mwaka 2011, na ambayo yote inakaa katika maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Neno la kwanza tulilifanyia mazoezi asubuhi nzima. Tulijifunza kumtambua mtoto aliyerudia kukojoa kitandani, anayeruka mlango ukigongwa, anayesinzia darasani kwa sababu usiku halali, aliyekuwa mpole na sasa anapiga wadogo zake. La pili lilichukua siku ya pili mpaka saa ya chakula: kaa chini, usikatize, usiahidi usichoweza, usimwambie usilie. La tatu lilifundishwa baada ya wali na samaki, watu wanaangalia saa kwa ajili ya pesa za usafiri. Mwalimu alisema, "Mkimaliza kusikiliza, mnamwandikia karatasi, mnamwelekeza." Tukasaini orodha, tukaenda nyumbani.

Nilitazama vizuri. Nilisikiliza vizuri, na hilo nitalisema bila haya. Binti wa mashine ya tatu alikuwa ametoka upande wa Rutshuru mwishoni mwa 2022 pamoja na wadogo wawili, akapokelewa na mama yake mdogo hapa Majengo. Alikuwa na miaka 15. Alishona mistari iliyonyooka kuliko wote, lakini pikipiki ikipiga ekzosi barabarani, mguu wake uliganda juu ya pedali. Siku moja tukiwa wawili aliniambia kwamba usiku anasikia mtu anaita jina la kaka yake. Nikasikiliza. Nikaandika karatasi.

Kesho yake baada ya kuipata ile karatasi nilimwuliza taratibu, tukiwa tunakata vitambaa.

"Kumbe hukuenda?"

"Nilienda, Mama Fundi."

"Ulienda?"

"Nilifika ku mlango."

Akanieleza, macho kwenye mkasi. Alitembea kwa mguu kwa sababu hakuwa na pesa ya moto, pikipiki ya abiria. Alipofika akaona kibao kikubwa kwenye geti, kimeorodhesha aina zote za watu wanaopokelewa humo, na aina ya kwanza ilikuwa ni wale waliobakwa. Yeye hakubakwa. Barabarani palikuwa na wauza mandazi wawili, mmoja anasali naye kanisa moja. Akazunguka mara mbili. Mara ya tatu mlinzi akamwita kwa sauti: "Weye binti, uko kesi gani?"

"Na miye siko kesi," akaniambia. Akarudi.

Nilikuwa nimelitumia neno hilo mwaka mzima. Kesi tatu, kesi mpya, kesi imefungwa. Tangu siku ile nikilisikia linanikwaruza kama zipu mbovu.

Tulienda pamoja Alhamisi, siku ambayo wateja ni wachache. Nilibeba lile begi kubwa la plastiki la miraba ambalo tunapelekea oda, nikalijaza mashati, tukatembea tukiongea juu ya bei ya makala. Wauza mandazi walitusalimia: "Mama Fundi, oda ya wapi leo?" Nikawajibu, "Ya wakubwa." Mlinzi aliona begi, akafungua. Ndani, nilimkuta dada mmoja wa kusikiliza, nikamwambia jina langu na jina la binti, na kwamba hapendi kuulizwa mlango ukiwa wazi. Hayo tu. Halafu nikakaa nje kwenye benchi nikashona vifungo saa nzima. Mara ya pili nilikwenda naye tena. Ya tatu nilimsindikiza mpaka kona. Ya nne alichukua begi mwenyewe.

Nisamehewe, mimi ni fundi na mifano yangu inatoka mezani kwangu. Ukishona vitambaa viwili kwenye ukingo kabisa, mshono utatoka siku ya kwanza ya kufua. Kila upande lazima uingie kidogo juu ya mwenzake, kidole kimoja, na hicho kidole hakionekani nguo ikivaliwa. Karatasi yangu ilikuwa mshono wa ukingoni.

Basi nikaacha kuandika karatasi kwanza. Nilinunua daftari la kurasa 100, nikaanza kuzunguka mimi mwenyewe bila mtoto. Niliingia kila mlango niliokuwa nimeuandika kwenye karatasi bila kuwahi kuuona. Niligundua mambo ya aibu: kituo kimoja kilikuwa kimehamia Himbi miezi mitano nyuma. Kingine kinapokea watoto mpaka saa nane tu, wakati watoto wa shule ya jioni wanatoka saa kumi na moja. Nikaandika si jina la nyumba bali la mtu, siku anazokuwepo, na namna anavyopokea. "Huyu anacheka na watoto." "Huyu ana haraka, mpeleke mkubwa." "Huyu muuguzi wa kituo cha afya anaongea Kinyarwanda na Kinande." Hilo la lugha lilinisaidia kuliko semina zote. Mtoto aliyetoka Masisi au Lubero haumwi kwa Kifaransa.

Mambo mengine hayangoji daftari. Mtoto au binti akibakwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Za kuzuia mimba zina siku tano hivi, nazo pia hazipendi kuchelewa. Siku hiyo nafunga mashine, mteja akasirike, tunachukua moto. Maswali ya nani na wapi yanakuja baadaye, na si mimi wa kuyauliza. Nimewaona wazee wa mtaa wakikaa siku mbili kujadiliana mbuzi wangapi mkosaji atoe, saa zinakwenda.

Lakini kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kwa bibi wa makala.

Anakaa avenyu ya nyuma, anauza makala kwa kopo, na analea mjukuu wa miaka 11. Mtoto alikuwa anaanguka. Mara moja alianguka penye bomba la maji, povu mdomoni, na wenzake wote wakakimbia wakaacha mabidoni yamepangwa, maana wanaamini ukiguswa na lile povu umekwisha. Bibi akampeleka kwenye chumba cha maombi. Wakamfungisha asile siku tatu. Mtu mmoja humo akasema mtoto ana uchawi, na neno hilo likashuka avenyu nzima kabla ya jua kuzama.

Niliposikia nikaenda kwa mwendo wa askari. Nikasimama mlangoni nikamsomea bibi sheria: kwamba iko sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, kwamba kumshutumu mtoto uchawi ni kosa, kwamba watu wanafungwa. Yote kweli. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwanangu," akafunga mlango. Kwa majuma mawili hata makala hakuniuzia.

Nilirudi Jumapili mchana bila sheria. Alikuwa anachambua maharage. Nikavuta kiti kidogo, nikatia mkono kwenye sinia. Tulichambua kimya, mawe upande huu, maharage upande ule, mpaka yeye mwenyewe akaanza: mama wa mtoto alikufa akijifungua mdogo, baba yuko migodini Walikale na hapigi simu, na yeye bibi anaogopa siku atakapokufa mtoto huyu ataanguka motoni na hakuna wa kumtoa.

"Nyanya," nikamwambia, "si tumpeleke pamoja wakamwangalie kichwa?"

"Na pastori?"

"Pastori nitamwona miye."

Mke wa pastori ni mteja wangu, blauzi zake zote za kwaya zimepita kwangu. Sikubishana na maombi ya mtu. Nilimwomba pastori aseme jambo moja tu mbele ya bibi, naye akalisema: "Tutaendelea kuomba, na dawa anywe." Yule mtu wa uchawi alibaki bila msaada. Juma lililofuata tulikuwa Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu cha hapa Goma, bibi katikati yetu kwenye moto, amefumba macho njia nzima. Wengi wanadhani pale ni kwa wendawazimu peke yao. Wanapokea kifafa kila siku. Muuguzi alimsalimia bibi kwanza, akamwuliza yeye habari za mtoto, kama vile yeye ndiye daktari aliyemleta mgonjwa. Nikaliandika hilo kwenye daftari.

Mtoto akapewa vidonge vya kila siku. Miezi miwili hakuanguka. Na kwa kuwa hakuanguka, bibi akaona amepona, akakata dawa ili apate pesa za vitabu. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Siku ya nne aliangukia jiko, mkono wa kushoto ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Kosa lilikuwa langu pia: niliwafikisha, nikashangilia, nikageuka. Siku hizi kila mwisho wa mwezi mmoja wa wanafunzi wangu anapita kununua makala hapo hata kama tunayo, na akitoka anajua vidonge vimebaki vingapi.

Vijana wa kiume wa miaka 17, 20, sitasema mengi, kwa sababu walinishinda mimi kama mimi. Hawaji kwa mama wa kushona kusema kwamba wanaogopa. Wanakwenda saluni ya kunyoa. Kinyozi wetu wa kona ana benchi, redio na kioo, na mtu anaponyolewa haangalii uso wa mwenzake, anajiangalia yeye. Nilipeleka daftari langu kwa kinyozi, akanakili namba saba anazozitaka. Inatosha.

Kuna jambo moja linaniuma, nitalitoa bila kutaja jina. Lilikuja shirika na jileti, vizibao vizuri vya rangi ya bluu. Walijenga kibanda cha kuchezea watoto, na mpira, na ngoma, na madada wawili wapole kweli. Watoto wangu wa mtaa waliwapenda. Kila robo mwaka walikuja pia wengine na tableti kuuliza: ulitoka wapi, uliona nini, nani alikufa. Mtoto mmoja aliniambia ameshaieleza habari ya baba yake mara tano, na mara ya tano alibadilisha ili isimchoshe. Kisha ikafika tarehe 31 Desemba, mradi ukaisha. Tarehe 2 Januari watoto walikuwa kwenye kibanda tangu saa mbili asubuhi. Waliketi. Msichana mdogo alinifuata kibarazani: "Mama Fundi, tantini wa jileti alikufa?" Maana katika maisha yake mtu mzima akitoweka bila kuaga, ndiyo sababu yake hiyo.

Sikatai mashirika. Yameleta dawa, yamelipa wauguzi. Ila nilijifunza kwamba mtoto lazima aunganishwe pia na mtu anayelala katika katiye hii hii, yaani mtaa huu huu, mtu ambaye ukiamka usiku unajua taa yake iko wapi.

Siku za mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, sitaziandika. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo wameona picha. Zilipotulia kidogo nilikaa na daftari kibarazani, nikapiga namba moja baada ya nyingine. Uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, wafanyakazi wengi wa mashirika wameshaondoka. Wengine kazi zao zilikuwa zimesimama kwa sababu nyingine kabisa, maana mwezi ule ule Marekani ilisitisha pesa zake za misaada. Kufika Februari hata kambi za Bulengo na Lushagala zilikuwa zinabomolewa, watu wanabeba mahema kurudi walikotoka au wasikokujua.

Namba 31. Kila isiyojibu mara tatu niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu ya kuchorea vitambaa. Zilibaki tisa. Muuguzi wa kituo cha afya. Sista mmoja. Kinyozi. Mwalimu wa darasa la tano. Mke wa pastori. Kiongozi wa kwaya ya vijana. Tulizo Letu. Dada mmoja wa kusikiliza aliyekataa kuondoka kwa sababu mama yake hawezi kutembea. Na namba ya jirani wa bibi wa makala, ambayo sikumbuki ni lini niliiandika wala kwa nini, lakini bibi ndiye aliyenitumia ujumbe kupitia hapo: ana watoto wawili wasio wao, wameshinda mlangoni pake tangu juzi, nije niwaangalie.

Nilikwenda. Mambo mengine ya mwaka ule ni hayo hayo, kwenda na kurudi.

Binti wa mashine ya tatu bado yuko nami, sasa analipwa kwa oda. Pikipiki zikipiga ekzosi bado anasimama, ila mguu unarudi kwenye pedali kabla sijahesabu tano. Jumanne iliyopita aliniomba ruhusa ya nusu saa. Nyuma yake, kwenye ngazi ya mawe ya volkano, alisimama mtoto wa kike nisiyemjua, wa miaka 12 hivi, anang'ata ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Sikuuliza kitu. Binti alishusha begi la miraba kutoka kwenye msumari, akatia ndani mashati mawili yaliyokuwa mezani na mabaki ya vitambaa mpaka likavimba, akampa mtoto ashike mkono mmoja wa begi, yeye akashika mwingine.

Siku hiyo hatukuwa na oda yoyote ya kupeleka.